Joseph Kasa-Vubu: rais aliyetaka majimbo yawe na nguvu

Tarehe 12 mwezi wa saba 1960, siku kumi na mbili tu baada ya uhuru, ndege iliyombeba rais wa Kongo pamoja na waziri wake mkuu ilifika juu ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Haikuruhusiwa kutua. Jana yake Moïse Tshombe, mkuu wa serikali ya jimbo la Katanga, alikuwa ametangaza kwamba jimbo lake limejitenga na Kongo. Rais Joseph Kasa-Vubu na waziri mkuu Patrice Lumumba walilazimika kugeuza njia na kuondoka.

Kwa Lumumba, aliyetaka nchi moja yenye serikali kuu yenye nguvu, hayo yalikuwa uasi mtupu. Kwa Kasa-Vubu yalikuwa na uchungu wa namna nyingine. Tangu kabla ya uhuru, yeye ndiye aliyesema kwamba nchi kubwa kama Kongo haiwezi kutawaliwa yote kutoka mji mmoja, na kwamba majimbo lazima yawe na serikali zake na mamlaka yake. Sasa jimbo moja lilikuwa limechukua mamlaka hayo, likapita mpaka, na kumfungia mlango yeye mwenyewe. Mpaka huo uwekwe wapi, na nani aulinde? Swali hilo lilimfuata Kasa-Vubu miaka yote mitano aliyokaa katika kiti cha rais.

Kutoka Mayombe hadi Dendale

Kasa-Vubu alizaliwa karibu mwaka 1915 katika kijiji cha Kuma-Dizi, upande wa Tshela, katika msitu wa Mayombe, Kongo ya Chini. Alisoma kwa wamisionari Wakatoliki, akaingia seminari ndogo ya Mbata-Kiela, kisha akapelekwa seminari kubwa ya Kabwe, huko Kasai, ili awe padri. Mwaka 1939 wakubwa wa seminari walimwambia kwamba hataendelea. Akarudi kwao, akapata cheti cha ualimu, akafundisha, akafanya kazi katika kampuni ya mbao. Mwaka 1942 akaajiriwa kuwa karani katika ofisi ya fedha ya serikali ya kikoloni, mjini Leopoldville, ambao ndio Kinshasa ya leo.

Kongo ya wakati huo ilikuwa ikitawaliwa kutoka juu. Gavana mkuu alikaa Leopoldville, na maneno makubwa yaliamuliwa Brussels. Hata Wazungu wa Katanga walinung'unika, kwa sababu kabla ya mwaka 1933 jimbo lao lilikuwa na uhuru mkubwa wa kujiendesha, kisha Ubelgiji ikalivuta chini ya Leopoldville kama majimbo mengine. Mkongomani wa kawaida hakuwa na sauti popote, si katika kijiji chake wala katika mji mkuu.

Mwaka 1946 karani huyo alisimama mbele ya Wakongomani wenzake waliosoma, akazungumza juu ya haki ya mtu wa kwanza kuikalia ardhi. Alitaka kuonyesha kwamba ardhi ya Kongo ina wenyewe, nao si Wabelgiji. Hotuba hiyo iliwashtua wakoloni. Lakini ndani yake kulikuwa na jambo jingine ambalo lingeleta shida baadaye: kama ardhi ni ya aliyefika kwanza, basi Mkongomani aliyehamia kutoka jimbo jingine ana haki gani?

Mwaka 1950 Edmond Nzeza Nlandu alianzisha ABAKO, chama cha kutunza lugha ya Kikongo na umoja wa Bakongo. Mwaka 1954 Kasa-Vubu alichaguliwa kukiongoza, na polepole chama cha lugha kikawa chama cha siasa. Mwaka 1956 kundi la Wakongomani lilitoa waraka uliokubali safari ya miaka thelathini kuelekea uhuru. Mwezi wa nane mwaka huohuo ABAKO ilijibu kwamba miaka thelathini ni mingi mno: haki za siasa zitolewe sasa. Jibu hilo pia lilikataa wazo la kuwakusanya Wakongomani wote katika chama kimoja. Kwa ABAKO, kila watu wangejipanga kwao kwanza, kisha wangeungana.

Uchaguzi wa mitaa wa mwisho wa mwaka 1957 uliipa ABAKO ushindi mkubwa Leopoldville, na mwaka 1958 Kasa-Vubu akawa bourgmestre wa komini ya Dendale. Alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyependa maneno mengi. Hata hivyo, siku ya kuapishwa alitumia nafasi hiyo kudai uchaguzi wa nchi nzima na serikali ya Wakongomani wenyewe. Tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959, mkutano wa ABAKO ulizuiliwa na mji ukawaka moto. Makumi ya watu waliuawa. Chama kilifutwa, Kasa-Vubu akakamatwa na kupelekwa Ubelgiji. Aliporudi mwezi wa tano, Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuahidi uhuru.

Neno moja, sababu mbili

Kuanzia hapo swali halikuwa tena kama Kongo itapata uhuru, bali itakuwa nchi ya namna gani. Lumumba na chama chake cha MNC walitaka serikali moja yenye nguvu. Waliogopa kwamba majimbo yenye nguvu yatakuwa mlango wa Wazungu kurudi na kuigawa nchi. Kasa-Vubu na ABAKO walitaka shirikisho, na mwaka 1959 walifika hata kutoa mpango wa jamhuri ya Kongo ya Kati ndani yake. Katika Katanga chama cha Conakat cha Tshombe nacho kilidai shirikisho, kikisaidiwa na walowezi Wazungu.

Neno lilikuwa moja, lakini sababu hazikuwa sawa. Kasa-Vubu alitazama historia ya ufalme wa zamani wa Kongo, lugha na ardhi ya watu wake. Tshombe alitazama shaba. Katanga ilileta sehemu kubwa ya mapato ya nchi, na viongozi wake hawakupenda kuona fedha hizo zikienda Leopoldville na kurudi kidogo.

Kulikuwa pia na watu wa tatu ambao hawakuulizwa sana. Ni wale walioishi mbali na kwao: Baluba wa Kasai waliofanya kazi katika migodi ya Katanga, na watu wa mto wa juu waliojaa katika mitaa ya Leopoldville. Kwao, jimbo lenye nguvu liliweza kumaanisha siku ya kuitwa mgeni katika nchi yao wenyewe. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Wengi wao walifukuzwa Katanga katika miaka iliyofuata.

Sheria iliyoacha swali wazi

Kwenye mazungumzo ya Brussels, mwezi wa kwanza na wa pili 1960, Kasa-Vubu alidai mkutano ule uwe na nguvu ya kuandika katiba. Hakusikilizwa, akatoka katikati ya mazungumzo. Mwishowe Wabelgiji ndio walioandika Sheria ya Msingi ya tarehe 19 mwezi wa tano 1960. Ilikuwa na vifungu 259, nayo ilijaribu kuwaridhisha wote. Kongo ingekuwa nchi moja isiyogawanyika, lakini kila moja ya majimbo sita lingekuwa na bunge lake na serikali yake. Serikali kuu ingeweka mjumbe wake katika kila jimbo. Mahakama ya katiba ingeamua magomvi kati ya pande hizo. Lakini nchi ilipopata uhuru, mahakama hiyo haikuwa imewekwa.

Hata kabla ya uhuru sheria hiyo ilianza kuchezewa. Huko Katanga wapinzani wa Tshombe waligoma kuingia katika bunge la jimbo ili hesabu ya wabunge isitimie. Ubelgiji ikabadili sheria katikati ya mwezi wa sita, na Conakat ikaunda serikali ya jimbo peke yake.

Katika uchaguzi wa mwezi wa tano, MNC ya Lumumba ilipata viti 33 kati ya 137 vya bunge la taifa, na ABAKO ikapata 12. Hakuna aliyeweza kutawala peke yake. Wakapatana: Lumumba awe waziri mkuu, na wabunge wakamchagua Kasa-Vubu kuwa rais, akimshinda Jean Bolikango. Hivyo mtu wa majimbo akawa mkuu wa nchi moja, na mtu wa nchi moja akawa mkuu wa serikali iliyopaswa kugawana mamlaka na majimbo.

Jioni ya tarehe 5 mwezi wa tisa

Uhuru haukupewa hata wiki moja ya amani. Tarehe 5 mwezi wa saba askari waliasi, tarehe 11 Katanga ikajitenga, na tarehe 8 mwezi wa nane Albert Kalonji akatangaza kujitenga kwa Kasai ya Kusini. Kasa-Vubu na Lumumba waliita pamoja Umoja wa Mataifa, na askari wake wakaja, lakini mwanzoni hawakutaka kuingia katika ugomvi wa Katanga. Kampuni ya migodi, Union Minière, ikawa inamlipa Tshombe kodi. Lumumba akaomba ndege na magari kwa Warusi, akatuma jeshi Kasai. Jeshi liliua raia wengi upande wa Bakwanga, ambao leo ni Mbuji-Mayi.

Jioni ya tarehe 5 mwezi wa tisa, Kasa-Vubu alienda kwenye redio akatangaza kwamba amemfukuza Lumumba. Alitegemea kifungu cha 22 cha Sheria ya Msingi, kilichosema kwamba rais huteua na kuachisha waziri mkuu. Usiku huohuo Lumumba naye akatangaza kwenye redio kwamba Kasa-Vubu si rais tena. Wabunge walikataa kufukuzana huko kwa pande zote mbili. Kila mmoja alikuwa na kifungu chake mkononi, lakini mahakama ya kuwaamua haikuwapo. Tarehe 14 Kanali Joseph-Désiré Mobutu akasema jeshi linawaweka wote wawili pembeni. Baada ya muda ikaonekana kwamba aliyewekwa pembeni kweli ni mmoja tu. Kasa-Vubu alibaki rais, na mwezi wa kumi na moja Umoja wa Mataifa ukaukubali ujumbe wake.

Lumumba alikamatwa, akafungwa Thysville, katika jimbo la nyumbani kwa Kasa-Vubu. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 watawala wa Leopoldville walimtuma Elisabethville, mikononi mwa Tshombe, na jioni ile akauawa pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Kasa-Vubu ndiye aliyekuwa rais wa watawala hao, na doa hilo halikuondoka kwa jina lake. Mtu aliyepigania nchi moja alipelekwa kufa katika jimbo ambalo serikali kuu ilikuwa ikisema halina haki ya kujitenga.

Tananarive na Coquilhatville

Wakati huo Kongo ilikuwa na serikali nne: Leopoldville, Elisabethville, Bakwanga, na Stanleyville, ambako Antoine Gizenga aliendeleza serikali ya Lumumba. Mwezi wa tatu 1961 Kasa-Vubu alikutana na Tshombe, Kalonji na wengine Tananarive, katika Madagaska. Gizenga hakwenda. Walikubaliana kwamba Kongo iwe muungano wa nchi zinazojitegemea, naye Kasa-Vubu awe rais wa juu. Kwa maneno mengine, rais alikubali kwamba chini yake kusiwe tena na serikali kuu yenye uwezo wa kuamrisha.

Makubaliano hayo hayakudumu. Mwezi uliofuata, katika mkutano wa Coquilhatville, ambao leo ni Mbandaka, Kasa-Vubu alikuwa amepatana na Umoja wa Mataifa na hakutaka tena maneno ya Tananarive. Tshombe alitoka mkutanoni kwa hasira, akakamatwa kwa wiki kadhaa. Mkutano ukaendelea bila yeye, ukachora mpango wa shirikisho: majimbo yenye serikali zake, lakini jeshi, fedha na mambo ya nje vibaki kwa taifa. Hapo ndipo Kasa-Vubu alipoweka mpaka wake. Alikubali jimbo lijitawale, lakini hakukubali lijitenge.

Mwezi wa nane 1961 bunge lililokutana Lovanium lilikubali serikali ya Cyrille Adoula. Lakini Katanga haikurudi kwa maneno. Ilirudi mwezi wa kwanza 1963, baada ya askari wa Umoja wa Mataifa kuingia kwa nguvu.

Majimbo 21

Kuanzia mwaka 1962, badala ya majimbo sita, Kongo iligawanywa kuwa na majimbo 21. Kivu ikatoa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kati na Maniema. Jimbo la Mashariki likatoa Kongo ya Juu, Uele na Kibali-Ituri. Katanga nayo ikagawanywa mara tatu, na Bakongo wakapata Kongo ya Kati yao.

Wengi walifurahi kupata jimbo karibu na nyumbani. Serikali kuu nayo ilipata faida yake, kwa sababu majimbo madogo mengi hayawezi kuitisha nchi kama Katanga ya zamani ilivyofanya. Lakini kila jimbo jipya lilihitaji bunge, mawaziri, magari na mishahara, na mengi hayakuwa na mapato ya kulipa hayo. Yakabaki kungoja fedha kutoka Leopoldville. Mahali pengi watu waligombana juu ya eneo gani ni la jimbo gani. Mengi ya majimbo yalichorwa kwa kufuata makabila, na wale waliohesabiwa kuwa wageni wakalipa gharama.

Mwaka 1963 Kasa-Vubu alivunja bunge lililoshindwa kumaliza kazi ya katiba, akaita tume Luluabourg, Kananga ya leo. Tume ilifanya kazi kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa nne 1964, raia wakapiga kura, na tarehe 1 mwezi wa nane 1964 Kasa-Vubu akatia sahihi. Katiba ya Luluabourg iliiita nchi kwa mara ya kwanza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Iliandika kazi za taifa na kazi za majimbo, na serikali ya jimbo ikatoka jimboni. Ilimpa pia rais nguvu zaidi juu ya waziri mkuu, ili mambo ya mwaka 1960 yasirudie.

Hatimaye alikuwa na sheria aliyoitaka tangu siku za Dendale. Siku nne baadaye, tarehe 5 mwezi wa nane, waasi wa Simba waliteka Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Sehemu kubwa ya mashariki ilikuwa nje ya mkono wa serikali. Katiba ilikuwa imegawa mamlaka ambayo katika nusu ya nchi hayakuwa na mtu wa kuyashika. Na mtu aliyeitwa kuwa waziri mkuu wa kupambana na uasi huo alikuwa Moïse Tshombe yuleyule.

Mwisho wa safari

Tshombe alishinda uchaguzi wa mwaka 1965, na Kasa-Vubu akaona atanyang'anywa kiti cha rais. Mwezi wa kumi alimwachisha, akamweka Évariste Kimba. Bunge likamkataa Kimba, na rais akamteua tena. Ilikuwa kama mwaka 1960 kurudi: rais upande huu, bunge upande ule. Usiku wa tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1965 wakubwa wa jeshi walikutana, na asubuhi Mobutu akatangaza kwamba yeye ndiye rais. Katiba ya Luluabourg ilikuwa imeishi miezi kumi na sita.

Kasa-Vubu hakupigana. Alirudi Mayombe. Kutoka huko aliona kazi yake ikifumuliwa. Mwaka 1966 majimbo 21 yalipunguzwa yakawa 12, kisha 8 pamoja na mji wa Kinshasa. Katiba ya mwaka 1967 ilirudisha nchi chini ya serikali moja, na gavana akawa mtumishi anayetumwa na rais. Tarehe 24 mwezi wa tatu 1969 Kasa-Vubu alifariki Boma, akazikwa kwao.

Katiba ya mwaka 2006 ilichukua tena mengi ya Luluabourg, bila kuita nchi shirikisho. Iliandika majimbo 26, nayo yakaanza kufanya kazi mwaka 2015. Ilisema mabunge ya majimbo yachague magavana, na kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki majimboni palepale inapokusanywa. Mwaka 2011 ilibadilishwa ili rais aweze kuvunja bunge la jimbo na kumwondoa gavana panapokuwa na shida kubwa. Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu mwezi wa tano 2021, ziliwekwa chini ya magavana wanajeshi wanaoteuliwa Kinshasa. Ile asilimia 40 majimbo bado yanaidai.

Komini ya Dendale, ambako karani wa ofisi ya fedha alianza kudai serikali ya wenyeji, leo inaitwa komini ya Kasa-Vubu.